Mume wangu amegeuza sebule ukumbi wa maonyesho, sasa anataka kunitundika na mimi

Anti, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, naishi Magomeni na mume wangu na watoto wawili. Wa kwanza yuko darasa la nne, mdogo bado yuko chekechea. Mume wangu ni mchoraji. Nyumba tunayokaa aliachiwa na marehemu bibi yake. Ni nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Upande mmoja ni wetu. Upande wa pili wamepanga mama mmoja anayeuza vitumbua asubuhi barazani, kijana wa bodaboda, na dada muuguzi ambaye mara nyingi yuko zamu ya usiku na mchana ndiyo analala.

Nieleze lilivyoanza, usije ukadhani nililazimishwa. Mume wangu alikuwa amechoka kuzunguka na picha zake mahotelini akiambiwa aache namba watampigia. Sehemu za maonyesho ziko Mikocheni, Upanga, Masaki, na wanaofika huko ni walewale. Siku moja akaniuliza, kwa nini jirani yetu apande daladala mbili kwenda kuona kazi iliyofanyika nyuma ya ukuta wake? Nikamwambia kweli, tuwaite hapa hapa. Nilisema "tuwaite", Anti, nakumbuka.

Tulitoa masofa tukayaweka uani chini ya turubai. Runinga ikahamia chumbani. Akapaka sebule rangi nyeupe, akanunua taa Kariakoo, akaniomba nitoe vitambaa vyangu vya kufuma, vya masofa, vya meza na vile vilivyokuwa juu ya kabati la vyombo, maana vingevuta macho ya watu. Nikavikunja nikaweka kwenye sanduku.

Jumamosi ile saa kumi jioni walikuja watu ambao hawajawahi kuonekana kwenye mambo ya sanaa: wazee wanaocheza bao kwa jirani, walimu wenzangu, watoto wa mtaa mzima. Nilikaanga bajia, nikachemsha chai ya tangawizi. Kulikuwa na picha ya Bonde la Msimbazi limefurika. Mzee mmoja ambaye baada ya mafuriko ya Desemba 2011 alihamishiwa Mabwepande kutoka Jangwani, akaja kurudi huku kwa mwanawe, alisimama mbele ya ile picha mpaka chai ikampoa mkononi. Kisha akaanza kuwaonyesha vijana kwa kidole: hapa palikuwa kwetu, hapa nilipandia paa. Nililala na furaha usiku ule.

Basi ikawa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Safari hii picha zake, safari nyingine za rafiki zake. Masofa hayakurudi tena ndani, kila nikiuliza naambiwa ya nini kuhangaika na maonyesho yanakuja. Mvua za masika zimeyapata, sponji imeoza. Watoto wanafanyia kazi za shule sakafuni chumbani. Mara moja mkubwa alisahau daftari la hisabati juu ya stuli sebuleni, nikamkuta baba mmoja mtanashati ameinama analipiga picha kutoka huku na huku akidhani ni kazi ya msanii. Mimi nilicheka. Mwanangu hakucheka, kwa sababu ukurasa wenyewe ulikuwa na wino mwekundu tupu.

Halafu yakaja mawili. La kwanza, nilifungua mlango wa chumba changu nikamkuta binti na simu yake, anapiga picha kitanda. Akasema samahani dada, nilidhani maonyesho yanaendelea huku. Kitandani kulikuwa na shuka langu la kudarizi. Nililianza nikiwa mwari, kwa kufundishwa na mama yangu kule Tanga. Lina tausi wawili wanaotazamana, manyoya ya mkia nimeyatia nyuzi za rangi saba, na tausi mmoja jicho lake limekaa vibaya kidogo kwa sababu nililitia usiku umeme umekatika. Binti akauliza kazi hii ya nani, inauzwa? Nilikusudia kumtoa. Badala yake nikajikuta nimekaa kitandani namweleza mshono mmoja mmoja, mpaka mume wangu akaja kuita chai imekwisha.

La pili ndilo lililoniuma. Nilikuwa uani naosha mchele, kanga moja kifuani, kichwa wazi. Kijana akapita kwenda chooni. Kumbe wakati anarudi alinipiga picha, mimi na ndoo zangu na nguo za ndani za watoto kwenye kamba. Akaiweka mtandaoni na maneno ya kusifu "maisha halisi ya Uswahilini". Kaka yangu akaiona. Alinipigia simu akaniuliza jambo moja tu: "Shemeji ameamua kukutia na wewe kwenye maonyesho?"

Sasa mume wangu anaandaa maonyesho yake mwenyewe. Ni michoro ya mkaa aliyoichora humu ndani kwa muda mrefu bila mimi kujua. Kuna mimi nasuka mtoto. Kuna miguu yangu tu, na magaga yake. Kuna mimi nimelala juu ya madaftari ya wanafunzi, mdomo wazi kidogo. Hakuna la aibu, nimefunikwa. Na ni mizuri, Anti, hilo ndilo linalonitesa. Anasema hajawahi kufanya kazi bora kuliko hiyo. Aliponionyesha nilinyamaza, naye akachukulia nimekubali.

Mama mkwe anasema mke wa fundi huzoea vumbi. Mashoga zangu wanasema nimpe mawili achague, nyumba au maonyesho. Nami siwezi kusema ni upuuzi, maana picha mbili zilizouzwa ndizo zilizotuwekea bati jipya. Nimefikiria kila Jumamosi hiyo nichukue watoto tuondoke. Naogopa nikisema hapana ataacha kuchora, nikisema ndiyo sijui nitaishi vipi humo. Je, nina haki ya kukataa kuchorwa na mume wangu mwenyewe, ndani ya nyumba ya bibi yake?

Mama wa Wawili, Magomeni

*

Marahaba, mdogo wangu, na pole.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikairudia jioni. Nikikuelewa vizuri, unasema hivi: mlango ulioufungua pamoja na mume wako kwa furaha sasa huwezi kuufunga, na kila mwezi watu wanasogea ndani zaidi, kutoka sebuleni hadi chumbani, kutoka chumbani hadi uani, na sasa wanakaribia kufika usingizini kwako. Na kwa kuwa kila hatua peke yake ilikuwa na sababu yake nzuri, hujui ni wapi hasa ungesema basi.

Ila umeniuliza kama una haki ya kukataa, na mimi naona swali hilo limekuja mapema mno. Kuna mengine mbele yake.

Tuanze na masofa, usinicheke. Nyumba za Magomeni tangu zamani zimekuwa za watu. Barazani hukaa yeyote, hata asiyejulikana jina. Ukumbini hupita aliyekaribishwa. Uani ni kwa wanawake na wapangaji, na chumbani ni kwa mwenye chumba. Haya hayakuandikwa ukutani na kila mtoto wa uswahilini anayajua. Mume wako hakuyavunja kwa makusudi. Alitoa tu viti. Mgeni akikuta kiti hukaa, na akikaa husubiri aambiwe. Asipokuta kiti hutembea, na anayetembea mwisho wake ni chumbani kwako. Zaidi ya hapo, wengi wamezoea pale Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, ambako unaingia nyumba za asili za makabila yetu mpaka penye kitanda na hakuna wa kukukemea, kwa sababu hakuna anayelala humo. Yule binti alikuja kwako na miguu ya huko. Sidhani alikuwa na ufedhuli.

Kijana wa uani simweki fungu moja naye. Yeye hakupotea njia. Alikuona, akaona hujamwona, akabofya. Kukuambia "lakini ulifungua nyumba" si jibu, maana aliyefungua sebule hajafungua bafu. Katiba yetu, Ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sikutumi mahakamani. Nakutajia ili kaka yako au mtu mwingine asikufanye ujione mshamba kwa kuumia.

Mumeo atakwambia, na atakuwa na haki, kwamba wasanii wa nchi nyingi wamefanya maonyesho majumbani na mambo yakaenda. Mwaka 1991 Hans Ulrich Obrist, akiwa bado kijana mwanafunzi huko St. Gallen, Uswisi, alifanya maonyesho jikoni kwake. Katika miezi mitatu walifika watu 29, na leo hayo ni maonyesho yanayosimuliwa dunia nzima. Lakini mwenye jiko lile alikuwa hapiki. Aliweka vitabu. Jiko lisilo na sufuria la bachela mmoja ni rahisi sana kuligeuza, ningependa kuona angefanyaje na watoto wawili na mpangaji anayetaka kuloweka mchele wa vitumbua. Mwaka 1986 kule Ghent, Ubelgiji, Jan Hoet aliweka kazi za wasanii katika nyumba za watu zipatazo 50, wenyewe wakafungua milango wakapokea wageni. Hayo nayo yalifanikiwa, ila yalikuwa na siku ya kwisha. Yakaisha, watu wakarudishiwa nyumba zao. Ya kwenu hayana mwisho, na sijaona kwenye barua yako mahali ambapo mlikaa mkakubaliana kwamba yawe ya kila mwezi. Iliandikwa tu "basi ikawa".

Hapa nina jambo nataka kukudokeza, na ukiona nimekosea uniambie. Barua yako inamweka mume upande mmoja na wewe upande wa pili, yeye na sanaa yake, wewe na nyumba yako. Lakini mistari yenyewe haisemi hivyo. Wewe ndiye uliyesema tuwaite. Wewe ndiye unayemkumbuka yule mzee wa Jangwani na chai yake, si mumeo. Na uliponieleza habari za tausi wako, kalamu yako ilikwenda mbio kuliko mahali pengine popote. Mtu anayetaka wageni wasije kabisa hakai kitandani kumweleza mgeni aliyevamia chumba chake mshono mmoja mmoja. Najiuliza kama kinachokuchoma ni kwamba nyumba imekuwa ya maonyesho, au ni kwamba imekuwa ya maonyesho na wewe umo kama mpika bajia. Vitambaa vyako vilitolewa sebuleni visije vikavuta macho. Macho yakavifuata vingine chumbani. Mimi ningekuwa wewe ningekuwa nimekasirika kwa hilo tu, hata kabla ya kufika uani.

Nchi hii ina desturi ya muda mrefu ya kazi yenye jina la mwanamume mmoja na nyuma yake nyumba nzima. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na ukumbi. Ndugu zake walijifunza kwake, na picha ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, muuzaji akiwa mkewe, Agatha. Leo tunaiita rangi yote ile Tingatinga. Sisemi alimdhulumu mkewe, sikuwepo. Nasema mnunuzi wa zile picha alikutana kwanza na uso wa Agatha, na ni wachache wanaomtaja.

Usije ukakimbilia kusema "kumbe natakiwa nitundike shuka langu". Huenda ndiyo, huenda hapana. Kuna watu ambao kitu wakikionyesha wanakipenda zaidi, na wengine kikishatazamwa na wengi kinawapotea. Tena angalia lisije likawa bei: akupe wewe ukuta mmoja, nawe umpe usingizi wako. Hayo ni mambo mawili, yasichanganywe kwenye kikao kimoja.

Sasa michoro. Umesema ni mizuri na ndiyo inayokutesa. Nakuamini. Mchoro mbaya ungeukataa kwa kicheko. Ningependa ujiulize taratibu, ukiwa peke yako, ni nini hasa kwenye ule mmoja wa usingizi. Ni kwamba shemeji na mawifi watauona? Ni kwamba wageni watauona? Au ni kwamba yeye aliuona, alikaa pale ukutani na mkaa wake akikutazama umechoka namna ile, hakukufunika, hakukuamsha ulale vizuri, akachora? Kila moja lina dawa yake. La kwanza ni la heshima ya ukoo na linaweza kuzungumzwa na ukoo. La tatu ni lenu wawili, na halitaponywa hata mchoro ukichomwa moto.

Jambo lingine ambalo pengine hujalipima: mahali. Mchoro uleule ukitundikwa Upanga ni mwanamke amelala, mwalimu fulani wa mahali fulani. Ukitundikwa sebuleni kwako, mtazamaji atautazama, atageuka, na wewe utakuwa unapita na sinia la chai. Atakulinganisha. Atatazama miguu yako chini aone kama magaga ni yaleyale. Kwa hiyo hata ukiona huna shida kuchorwa, unaweza kuwa na shida kuchorwa na kutundikwa hapo hapo unapofagia. Unaweza kumwambia hii ioneshwe kwingine. Hatari yake ni kwamba kwingine hutamjua anayetazama wala hutamzuia mwenye simu, ilhali nyumbani angalau ungemwona. Unaweza kusema wa kusuka na wa miguu sawa, wa usingizi ubaki wetu. Hatari yake, msanii kuambiwa atoe kazi anayoiona ndiyo roho ya maonyesho atasikia umemkata mkono, na huenda akanuna muda mrefu. Unaweza kukubali yote kwa masharti: hakuna kupiga picha, hakuna kuuza. Masharti ya simu ni magumu kuyasimamia mlangoni na mtu mmoja, nawe usiwe ndiye askari. Na unaweza kukubali kwa ajili ya amani tu. Hilo nalo lina gharama, utapita mbele ya ule ukuta kila asubuhi ukienda kazini, na hasira ya namna hiyo huwa inatokea siku nyingine, kwa jambo la chumvi.

Kuhusu kunyamaza kwako. Wewe uliona umekataa kwa heshima, yeye akaona mke wangu kakosa la kusema kwa uzuri. Wote wawili mlikuwa wakweli. Sidhani kama alikuibia, ila idhini ya kimya ni dhaifu, na ni afadhali kwake pia aijue sasa kuliko siku watu wameshajaa ukumbini. Unaogopa ataacha kuchora. Huyu ni mtu aliyezunguka mahotelini na picha mkononi na bado akachora. Humpi nafasi ya kukushangaza. Huenda akaacha, sijui. Huenda pia akauliza tu, "mbona hukusema?"

Lile la kuchukua watoto muondoke kila Jumamosi ya mwisho lina faida yake, mtapumua. Ila fikiria kidogo linawafundisha nini watoto kuhusu nyumba yao, kwamba siku watu wazuri wanakuja wao hutoka. Na ukitoka wewe, mwenyeji anabaki nani? Yule mzee alipewa chai na mtu, ndiyo maana alisimama muda ule. Kumpa mawili achague, kama mashoga zako wanavyosema, kunaweza kufanya kazi kwa haraka sana. Lakini ukitishia kitu uwe tayari nacho, na wewe barua yako haijafika huko. Mama mkwe na vumbi lake mwache, amesema la kwake. Ungeweza siku moja kumuuliza yeye aliyekuwa akiingia nyumba ile bibi akiwa hai, bibi alikuwa akiwafikisha wageni wapi. Si kwa kumtega. Huenda akawa na kumbukumbu itakayokusaidia kuliko yangu.

Na wapangaji wako, mbona hukuniambia walisemaje? Dada muuguzi analala mchana, na saa kumi jioni ukumbi unajaa watu mlangoni kwake. Mama wa vitumbua anatumia uani uleule uliopigiwa picha. Wanalipa kodi. Kama wewe mwenye nyumba umeumia kwa kutoulizwa, wao je? Huenda ukapata kwao watu wa kukuunga mkono, au ukakuta mama wa vitumbua anaisubiri hiyo Jumamosi kwa sababu anauza sinia mbili zaidi. Waulize kabla ya kuwasemea.

Mengine ni madogo ila yanauma polepole. Sukari, unga wa dengu na umeme wa LUKU wa zile taa vinatoka mfuko gani? Kama ni mshahara wako, liingie kwenye hesabu kabla bati halijasifiwa. Barua ya serikali ya mtaa na kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, mumeo afuatilie yeye, lisije likatafutwa jina lako siku ya matatizo. Na nyaya za kuunganishaunganisha zile taa muoneshe fundi. Kituo cha sanaa cha Paa ya Paa cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1965 na mchoraji wetu mzaliwa wa Kilimanjaro, Elimo Njau, na wenzake, kilikuja kuwa kwenye uwanja walipokuwa wakiishi yeye na mkewe Phillda. Mwaka 1997 moto ulipita pale ukateketeza kazi za miaka mingi. Nyumba na maonyesho vikiwa kitu kimoja, moto mmoja unatosha.

Utakapozungumza naye usichague Ijumaa usiku ameshika nyundo. Chagua siku isiyo na jambo, watoto wakiwa madrasa, muanze pale barazani mtembee pamoja mpaka uani, na kwenye kila mlango mwambiane nani anapita hapa, akiitwa na nani. Mnaweza kukubaliana pazia ukumbini, au kiti kimoja kirudi sebuleni, au miezi ya mapumziko, au mkagundua hamkubaliani kabisa kwenye mlango wa tatu. Hata hilo mtakuwa mmelijua mahali lilipo. Mwambie na habari ya sanduku la vitambaa. Nina wasiwasi hajui kama liliuma.

Ile picha ya uani, kama bado ipo kwenye ukurasa wa yule kijana, hiyo haihitaji kungoja mazungumzo yoyote ya ndoa. Mumeo ndiye aliyemwalika, amtumie ujumbe leo aiondoe. Akisita kumtumia, hapo utakuwa umepata jambo la kwanza la kuzungumza. Halafu niandikie, hata kama mmegombana.

Anti